Uliza Tujibu: Kutoka mkaa kwenda gesi, nyumbani na gengeni

Tanzania ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 nao umelenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Barua tunazopokea zinauliza mambo ya chini zaidi ya hapo: sufuria, hela na hofu. Wanaojibu ni wapishi na mafundi wa majiko.

Nina kibanda cha chakula Temeke, wateja kama 40 mchana. Nilihamia gesi, mtungi wa kilo 15, lakini ukiisha huwa sina hela ya kuujaza, narudi kwenye mkaa. Nakosea wapi? — Mama lishe

Mama, pole na kazi. Mapishi yako hayana shida, shida iko kwenye mpango wa hela. Mkaa unakubali kulipwa kidogo kidogo, leo kopo, kesho kopo. Gesi inadai zote siku moja, na siku hiyo mauzo yameshaingia kwenye mchele na ada ya mtoto.

Andika kwa chaki ubavuni mwa mtungi tarehe uliyoufunga. Ukiisha, hesabu siku. Tuseme umekaa siku 9 na kuujaza ni shilingi 54,000, hiyo ni 6,000 kwa siku. Usiweke 6,000. Weka 7,000, kwa sababu wiki yenye shughuli nyingi gesi itawahi kuisha. Itoe asubuhi, kabla hujanunua nyanya, uitie kwenye laini ya simu usiyopokelea mauzo. Bei za kwenu ziweke mwenyewe, hesabu ni ileile.

Halafu nunua mizani ya kuning'iniza. Kila mtungi umeandikwa TW na namba: ni uzito wake ukiwa mtupu. Ukisoma TW 15.2 na mizani ikaonyesha 19.2, una kilo 4 za gesi. Dukani nako dai upimiwe. Huo mtungi ukijazwa unatakiwa kusoma 30.2, na muuzaji anatakiwa kuwa na mizani.

Je, gesi ni nafuu kweli? Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya takriban kilo nne za mkaa kwenye jiko la bati la kawaida. Pima mkaa wako, zidisha bei ya kilo moja mara nne, linganisha na bei ya kilo moja ya gesi. Ukiwa na jiko banifu, zidisha mara tatu.

Sehemu kubwa ya gesi hupotea kwa mazoea ya mkaa. Mpishi wa mkaa anawasha jiko kwanza, kisha ndiyo anamenya vitunguu, maana moto unahitaji muda wa kukolea. Kwenye gesi geuza: menya, katakata, osha mchele, panga akilini kazi nzima, ndipo uwashe. Moto ukipanda pembeni mwa sufuria, punguza, hapo unapasha hewa. Na lile joto la mwisho la mkaa, lililokuwa linakuchemshia maji ya chai bure, sasa halipo. Chemsha maji mara moja asubuhi, uyatie kwenye chupa.

Wali wa gesi unashika chini na juu hauivi. Wateja wanasema hauna ladha. Maharage nayo yanamaliza mtungi. — Dada wa Tanga

Wateja wako wana hoja. Wali wa mkaa unapaliwa makaa juu ya mfuniko, kwa hiyo moto unatoka pande mbili. Gesi inapiga chini tu, tena katikati.

Kwa kilo moja ya mchele anza na maji lita moja na nusu, kisha rekebisha kufuata mchele wako. Pika bila haraka mpaka maji yaanze kukauka na vishimo vionekane juu. Hapo weka kikaango kizito cha chuma juu ya jiko, sufuria ikae juu ya kikaango, na moto uwe mdogo kabisa. Funika wali kwa jani la mgomba lililooshwa au karatasi ya foili, kisha mfuniko, kisha kitu kizito juu yake. Dakika 15 hadi 20. Zima, uuache dakika 10 nyingine bila kuufunua. Mvuke ulionaswa chini ya jani ndio unaoivisha juu. Ukoko utaupata, ila mwembamba. Harufu ya moshi hutaipata, na ni vizuri kumwambia mteja hivyo kuliko kumwahidi.

Maharage yaloweke usiku, saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo. Yachemshe kwa nguvu dakika 10 kamili. Usizipunguze, hasa kwa maharage mekundu, kwa kuwa yana sumu ambayo moto mdogo hauiui. Kisha presha kuka, nusu saa. Kama huna, yachemshe dakika 20, halafu sufuria ikiwa imefunikwa na bado inatokota iingize kwenye kapu lililojazwa matambara makavu au pamba, chini, pembeni na juu, uiache saa tatu au nne. Kinachoharibu kapu ni sufuria iliyojaa nusu: joto lake halitoshi. Ijaze. Ukitoa, chemsha tena kabla ya kuunga.

Mishikaki ibaki kwenye mkaa. Hatuoni sababu ya kuilazimisha.

Nakaanga chipsi Morogoro, bana kubwa (kichwa cha jiko kinachotoa moto) kwenye mtungi wa kilo 6. Baada ya saa moja moto unafifia na mtungi unatoka jasho hadi barafu, lakini gesi imo. Wenzangu wanaulaza. — Kijana wa chipsi

Usiulaze, kaka. Ndani ya mtungi gesi imekaa kama maji. Ili igeuke hewa ya kuungua lazima ivute joto la nje kupitia ukuta wa chuma. Bana la chipsi linaweza kula nusu kilo na zaidi kwa saa, na mtungi mdogo una ukuta mdogo, hauwahi kuvuta joto la kutosha. Unapoa, presha inashuka, moto unafifia. Ukiulaza, gesi ya maji inaingia kwenye regulata, kile kifaa cha mdomoni mwa mtungi kinachopunguza presha, na kwenye mpira wa kupeleka gesi jikoni, na moto unaruka ghafla ukiwa umeinamia karai la mafuta. Kuutumbukiza kwenye maji ya moto nako kunapandisha presha kuliko unavyodhani.

Dawa ni mtungi mkubwa: kilo 15 kwa jioni, kilo 38 kama unakaanga kutwa. Usimame penye hewa, usiuzungushie mabati ya kuzuia upepo. Kizuizi kizunguke bana, mtungi ukae nje yake. Angalia pia regulata: bana kubwa hutaka ya presha kubwa, ile ya jiko la nyumbani hailiwezi. Kamwe usifunge ya presha kubwa kwenye jiko la nyumbani.

Mama mkwe haingii jikoni tangu gesi ifungwe. Anasema italipuka. — Mkamwana, Mbeya

Hofu yake ina msingi, mheshimu kwa kumwonyesha. Paka maji ya sabuni kwenye regulata, mpira na viungio vyake koki ikiwa wazi na jiko limezimwa. Povu likivimba, gesi inavuja: funga, ita fundi. Mwambie gesi ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni, ndiyo maana mlango unafunguliwa hadi chini. Akisikia harufu: asiwashe kiberiti wala taa, na asizime taa iliyowaka. Afunge koki, afungue milango, atoke. Kila mkimaliza kupika fungeni koki ya mtungi, na mpira ukianza kupasuka au kukakamaa badilisheni. Ugali mkubwa msisongee kwenye jiko linalokaa juu ya mtungi, unayumba. Tafuteni meko ya chuma ya chini.

Nauza mkaa, wateja wanapungua. Nina magunia ya chenga za mkaa. — Muuza mkaa, Kibaha

Mzee wetu, hizo chenga ni mtaji: zigeuze madonge ya mkaa. Chekecha kuondoa mchanga na mawe, kwa kuwa mchanga ndio unaozaa majivu mengi na moto hafifu. Kwa kilo 10 za chenga pika uji wa nusu kilo ya unga wa muhogo kwa lita 5 za maji, uutie kwenye chenga kidogo kidogo. Fumbata mchanganyiko kwa ngumi: ukiachia, donge libaki bila kuchuruza. Likimeguka, ongeza uji. Ukizidisha uji, litatoa moshi.

Shindilia kwenye mashine ya mkono au kipande cha bomba, kisha anika siku tatu hadi tano za jua, ukigeuza. Anza na wauza supu na wachoma nyama, ambao wanahitaji moto wa muda mrefu, na waonye wasiuwashe ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake inaua kama ya mkaa wowote. Kabla ya kufunga gunia, vunja donge moja. Katikati kukiwa na ubaridi wa unyevu, rudisha yote juani.