Mekapu ya leo huanza usiku wa jana

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Ukiruhusiwa kumpa mtu ushauri mmoja tu wa urembo wa kila siku, utamwambia nini?" Nadhani wengi watajibu maji ya kunywa, usingizi na tabasamu, na sina ugomvi nao. Mimi kazi yangu ni kupamba nyuso za watu, na jibu langu ni fupi: osha uso kabla ya kulala. Ningeweza kuishia hapo. Ila kwa kuwa mmetupa nafasi, nieleze sababu, kisha niongeze machache ambayo wateja huniuliza wakishakaa kwenye kiti.

Mtu akikaa mbele yangu, kabla sijafungua kopo lolote, namtazama kwenye mbawa za pua, kwenye mstari wa nywele, chini ya taya na kwenye mashina ya kope. Mekapu ya jana hujificha huko. Mwenyewe ameoga na ananukia, lakini pamba yenye mafuta ikipita kwenye mstari wa nywele inarudi na rangi ya kahawia. Uso wa namna hiyo haushiki faundesheni. Unaweza kupaka kwa ustadi wote na kufunga kwa poda, saa mbili baadaye inakatika pale pale kwenye mbawa za pua, na lawama zote zinaangukia faundesheni.

Faundesheni za kudumu, rangi za mdomo zisizotoka na maskara isiyoingia maji zimetengenezwa kwa makusudi zishindane na maji. Kuzifuata kwa maji na sabuni peke yake ni kujichosha. Mafuta huyeyushwa na mafuta. Chukua mafuta maalumu ya kusafishia uso, yapake uso ukiwa mkavu na mikono ikiwa mikavu, usugue taratibu kwa ncha za vidole kwa dakika moja hivi, mpaka wanja, poda na rangi vichanganyike viwe tope moja. Usiogope sura utakayoiona kwenye kioo. Lowesha mikono, sugua tena. Mafuta yale yatageuka meupe, ndipo usuuze. Baada ya hapo pitisha sabuni laini ya maji ya kuoshea uso, suuza mara ya pili, umemaliza.

Macho yana utaratibu wake. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko karibu ngozi yote ya mwili, na watu wanaisugua kama wanaosha sufuria. Lowesha pamba kwa dawa ya kuondolea mekapu ya macho, iweke juu ya jicho lililofumba, ihesabie mpaka thelathini bila kuisogeza, kisha ivute kuelekea chini mara moja. Maskara itakuwa imeachia yenyewe. Ukikuta bado unalazimika kusugua kulia na kushoto, ujue hukusubiri vya kutosha. Kusugua huko ndiko kunakong'oa kope, halafu tunatafuta mafuta ya kuziotesha.

Kuna vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia uso, na kuna maji ya misela, yale ya kufutia mekapu kwa pamba, yanayouzwa kwenye chupa. Vyote vina nafasi yake, hasa safarini au ukiwa umechoka kiasi cha kushindwa kufika bafuni. Lakini vinaacha mabaki ya dawa ya kusafishia juu ya ngozi, na kitambaa kimoja kikishapita uso mzima, mwisho kinahamisha uchafu kutoka shavu moja hadi jingine. Vikitumika, vifuatwe na maji.

Sabuni ya kipande sipendi ifike usoni, na hapa huwa nabishana sana na watu wanaosema wameitumia tangu utotoni bila shida. Ngozi ya uso ina asidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ndogo ndiyo asidi zaidi, ikizunguka 5. Sabuni ya kawaida ya kipande huwa kwenye 9 au 10. Ule ukavu wa ngozi kuvutika baada ya kuosha, ambao wengi wanauita usafi, ni dalili kwamba mafuta ya kuilinda yameondoka pamoja na uchafu. Mwenye ngozi ya mafuta anafurahi kwa nusu saa, kisha uso unarudi kung'aa, safari hii ukiwa na mabaka makavu ambayo poda inayaonyesha zaidi.

Asubuhi mambo ni mepesi. Kama uliosha usiku, na ngozi yako ni kavu, maji matupu yanatosha. Paka losheni ya uso wakati ngozi bado ina unyevunyevu, halafu iache. Kuiacha huko ndiko kunakowashinda watu. Losheni, krimu ya jua, praima (ile inayotangulia faundesheni ili ishike) na faundesheni vikipandana kabla havijatulia, vinavingirika usoni vijipande vijipande. Piga mswaki, vaa nguo, rudi. Kama bado vinavingirika hata baada ya kusubiri, soma viambato nyuma ya chupa: praima yenye majina yanayoishia na "cone" au "siloxane" pale juu ya orodha ni ya silikoni, na mara nyingi haipatani na faundesheni ya maji. Silikoni iende na silikoni, maji na maji.

Nimetaja krimu ya jua, na najua kuna wenye ngozi nyeusi wanaogeuza ukurasa hapa. Ni kweli melanini, ile rangi asilia ya ngozi, inalinda. Ngozi nyeusi haiungui haraka kama nyeupe. Lakini tatizo wanaloniletea wateja wangu weusi ni madoa: chunusi imepona, alama imebaki miezi, na kila jua linapoipiga inakolea upya. Unaweza kununua krimu ya gharama kubwa ya kufifisha madoa, na jua likaifuta kazi yake kila mchana. Krimu yenye SPF 30 (SPF ni namba ya kiwango cha kukinga jua), ikipakwa kwa kiasi kinachotakiwa, huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ile ya jua inayounguza, na SPF 50 asilimia 98. Kwa hiyo usipoteze usingizi kwa tofauti ya namba, hangaikia kiasi. Kipimo rahisi ni mistari miwili ya krimu, mmoja kwenye kidole cha shahada na mmoja kwenye kidole cha kati, kwa uso na shingo. Hakikisha pakiti inasema inakinga UVA pia, ile mionzi ya jua inayopenya ndani zaidi ya ngozi. Kwa mwenye madoa, ile yenye rangi ndani yake ni bora zaidi, kwa sababu oksidi ya chuma inayoipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, na mwanga huo nao hukoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Kisha rangi hiyo inakuondolea ule weupe wa kijivu unaowafanya watu waichukie krimu ya jua.

Siku ya kupigwa picha za usiku kwa flashi, badilisha. Krimu zenye zinki au titani zisizo na rangi, pamoja na baadhi ya poda nyeupe za silika, hurudisha mwanga wa kamera, ukajikuta una uso mweupe na shingo ya mtu mwingine. Jipige picha moja ya majaribio kwa flashi kabla ya kutoka nyumbani.

Hilo la uso na shingo kutofanana lina chanzo kingine kikubwa zaidi, nacho ni kuchagua faundesheni mkononi. Nyuma ya kiganja si rangi ya uso wa mtu yeyote. Weka mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana kutoka shavuni kushuka hadi kwenye taya, toka nje kwenye mwanga wa mchana, usubiri dakika kama kumi, maana faundesheni nyingi hukolea zikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi. Mstari usiouona tena ndio wako. Taa za dukani zinadanganya, na muuzaji aliyebakiwa na chupa moja naye anaweza kudanganya. Zamani wenye ngozi nyeusi tulikuwa tunachanganya chupa mbili au tatu kupata rangi moja, au tunaambulia ile ya mwisho kwenye kabati iliyoitwa nyeusi kwa watu wote. Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Somalia, alipoanzisha vipodozi vyake mwaka 1994 alikuwa anajibu shida hiyo hiyo, na Fenty Beauty, vipodozi vya mwimbaji Rihanna, ilipotoka mwaka 2017 na rangi 40 za faundesheni kwa mkupuo, kampuni nyingine zikaanza kuongeza rangi zao. Siku hizi visingizio vimepungua. Anayenunua rangi nyepesi kuliko uso wake siku hizi mara nyingi ameamua hivyo.

Na uamuzi huo huwa hauishii kwenye faundesheni, kwa hiyo niseme la mkorogo, yaani krimu za kujichubua, bila kuzunguka. Sipambi mtu aliyetoka kujichubua wiki hiyo; ngozi inawaka, inachubuka chini ya brashi. Krimu za kung'arisha zisizo na maelezo ya viambato mara nyingi huwa na moja kati ya vitu vitatu. Kuna haidrokwinoni, dawa ya kupunguza weusi wa ngozi, ambayo ikitumiwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari inaweza kuleta weusi wa kibluu usiofutika kirahisi, hasa mashavuni. Kuna steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, zinazoifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa ionekane, na ukiziacha ghafla uso unafura na kutoa vipele, ndipo mtu anarudi kuzipaka akidhani ndiyo dawa. Na kuna zebaki, inayopenya ngozi na kudhuru figo. Vipodozi vyenye zebaki vilikuwa tayari kwenye orodha ya bidhaa za kuondolewa sokoni katika Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, wa mwaka 2013. Unayetumia vitu hivi na unataka kuacha, usiache peke yako kwa ghafla, nenda kwa daktari wa ngozi na kopo lenyewe mkononi. Limau usoni nalo sitaki kulisikia: asidi yake ni kali mno, na ukitoka nalo juani linaweza kukuunguza na kukuachia doa jeusi mahali ulipotaka weupe.

Vifaa. Sponji iliyolowa na kufungiwa kwenye mkoba ni shamba la bakteria na ukungu. Ioshe kila baada ya kuitumia, ianike mahali penye hewa, na ikianza kuchanika itupe. Brashi za faundesheni zioshwe kila wiki kwa maji ya uvuguvugu na shampuu laini. Zikaushe zikiwa zimelala, au manyoya yakitazama chini. Ukizisimamisha kwenye kikombe zikiwa mbichi, maji yanashuka kwenye shingo ya chuma, yanalainisha gundi, na mwezi ujao unaokota manyoya kwenye shavu lako.

Maskara ikifika miezi mitatu tangu ifunguliwe, itupe hata kama imebaki nusu. Usichovye kijiti juu-chini juu-chini, maana unaingiza hewa na kuikausha. Kizungushe ndani ya chupa. Kwa vipodozi vingine, tafuta nyuma ya pakiti mchoro wa kopo dogo lililofunguliwa kifuniko, lenye namba kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ya kufungua. Mimi huandika tarehe chini ya kopo kwa kalamu ya wino usiofutika, vinginevyo nani atakumbuka?

Wanja na rangi ya mdomo haviazimwi. Najua ni vigumu kumkatalia ndugu au shoga yako chooni kwenye sherehe, lakini macho mekundu na virusi vya malengelenge ya mdomoni havijui undugu. Wapambaji tunakwangua rangi kwa kijiko, tunaiweka kwenye kibao, tunatumia kijiti cha kutupa. Mpambaji akikupitishia rangi moja kwa moja kutoka kwenye kijiti chake alichompaka mteja aliyekutangulia, una haki ya kumsimamisha. Na gundi ya kope bandia ijaribiwe kwanza kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko, siku moja au mbili kabla. Jicho lililovimba asubuhi ya harusi halina mekapu ya kulificha.

Midomo: acha kuilamba. Mate yanakauka na kuondoka na unyevu uliokuwapo. Mafuta ya mgando usiku yanatosha.

Mmoja wa wahariri wenu aliandika chini ya swali kwamba hata wanaume wanakaribishwa, kwa hiyo nimalizie na wao, maana wanaokuja kwangu kwa ajili ya picha shida yao karibu wote ni moja: vipele vya ndevu shingoni. Nywele zilizojikunja zikikatwa karibu mno na ngozi zinarudi kuchimba ndani. Nyoa baada ya kuoga maji ya moto, nywele zikiwa zimelainika, fuata uelekeo zinakoota, usivute ngozi kwa mkono mwingine, na wembe usipite mahali pamoja mara tatu nne. Kama vipele ni vingi, acha wembe kabisa wiki kadhaa, utumie mashine inayobakiza nywele fupi. Usivitumbue. Vikigeuka uvimbe mgumu unaobaki, hasa kisogoni, hiyo ni kazi ya daktari wa ngozi, wala si ya konsila yangu ya kuficha madoa.