Taya likivunjika, tazama meno kabla ya uvimbe

Mtu akiumia uso, wengi wetu tunatazama uvimbe. Mwambie aume meno, umuulize kama yanakutana vilevile kama siku zote. Nilipotupwa na bodaboda hapa Dar, uso wangu haukumtisha mtu, lakini meno yalipishana na mdomo wa chini ulikufa ganzi upande mmoja. Hapo ujue taya halipo salama, hasa kama damu imevilia chini ya ulimi. Msimkande, msimchue. Mpelekeni hospitali yenye mabingwa wa upasuaji wa kinywa na uso, kama Muhimbili. Njiani akae ameinama mbele, damu itoke nje. Akilazwa chali, ulimi unaweza kurudi nyuma ukaziba koo.

Jino la ukubwani likidondoka zima, litafuteni. Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi wala kuusugua. Lisuuze sekunde chache, ulirudishe kwenye tundu lake, aume kitambaa safi. Ikishindikana, au kama hajitambui vizuri, litieni kwenye maziwa baridi (pakiti ya dukani inatosha) na mkimbilie kwa daktari wa meno, ikiwezekana ndani ya saa moja. Msililoweke kwenye maji, yanaua chembe hai za mzizi. La utotoni halirudishwi.

Hospitali watapiga eksirei. Mfupa uliohama huenda ukahitaji kuungwa kwa vibati vya titani na skrubu. Mimi nilifungwa waya, meno ya juu kwa ya chini, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6.

Na kazi kubwa ni kula. Uji wa lishe uliochujwa, mtori uliosagwa kwenye blenda na supu yake, maziwa, parachichi. Ongeza siagi ya karanga laini, maana utakonda tu. Mama alinisagia hata pilau, sishauri. Waya ukichoma shavu, omba nta hospitali uufunike. Mswaki uwe wa mtoto, na usukutue kwa maji ya chumvi kila ukimaliza kunywa chochote.

Kabla hujaruhusiwa, mwambie daktari akuonyeshe, wewe na unayelala naye nyumba moja, waya zipi zikatwe ukitapika au ukikosa pumzi. Mkasi wa kukatia waya ukae mfukoni mchana, usiku chini ya mto.