Maswali na Majibu: Shule Inapelekaje Asilimia 108 ya Wanafunzi Wake Chuo Kikuu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Dublin 15, kazi yangu ni uuguzi, na binti yangu yuko darasa la tano. Kila mwaka magazeti ya hapa Ireland hutoa jedwali la sekondari, zimepangwa kwa asilimia ya wanafunzi walioingia chuo kikuu. Nimeona shule moja ya kulipia ada imeandikiwa 108. Iliyo karibu na kwetu, wanakosoma watoto wengi wa mtaa, ina 61. Hesabu hii inafanywaje hadi ipite mia? Na nikimpeleka mtoto kwenye shule ya 61, nitakuwa nimempunguzia nafasi ya chuo? Mume wangu anataka tuhame.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Msihame bado.

Jedwali hilo halitoki serikalini, na matatizo yake mengi yanaanzia hapo. Wizara ya Elimu ya Ireland inayo matokeo ya Leaving Certificate, mtihani wa kumaliza sekondari, ya kila shule, ila haiyatoi. Magazeti yaliyadai kwa kutumia Sheria ya Uhuru wa Habari ya 1997. Kamishna wa Habari akaamua yatolewe, wizara ikakimbilia Mahakama Kuu na ikashinda. Iliegemea kifungu cha 53 cha Sheria ya Elimu ya 1998, kinachomruhusu waziri kuzuia taarifa zinazoweza kutumika kulinganisha shule kwa ufaulu wa wanafunzi. Kama ulisoma Tanzania, utakumbuka shule kumi bora zilivyokuwa zikitangazwa na NECTA, hadi baraza lilipoacha utaratibu huo Januari 2023. Ireland haikuwahi hata kufika huko.

Waandishi walipofungiwa mlango wa mbele wakapitia uani. Vyuo vikuu vya umma navyo vinabanwa na sheria ya habari, kwa hiyo kila chuo huulizwa: wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza wametoka sekondari zipi, na wangapi kutoka kila moja? Majibu hujumlishwa shule kwa shule, kisha hugawanywa kwa idadi ya watahiniwa wa Leaving Certificate wa shule hiyo mwaka huohuo. Yaani kiasi kinatoka vyuoni na asili inatoka kwa wasimamizi wa mitihani. Ni sehemu moja, lakini juu na chini hazihesabu watu walewale.

Asilimia 108 inazaliwa hapo. Chukua shule ya kubuni yenye watahiniwa 80 Juni hii. Septemba, 66 kati yao wanaingia chuoni. Pamoja nao wanaingia 14 waliomaliza mwaka jana: mmoja alirudia mtihani kutafuta alama za udaktari, mwingine aliahirisha nafasi yake akaenda Australia kufanya kazi, mwingine alianza kozi nyingine akaiacha. Wanaongezeka sita wa mwaka juzi. Chuo kinaripoti 86 kutoka shule hiyo. 86 ukigawanya kwa 80 unapata asilimia 107.5, gazeti linaikamilisha kuwa 108. Walioingia moja kwa moja ni 66 kati ya 80, chini kidogo ya asilimia 83. Ni shule nzuri, lakini haina miujiza. Na kama darasa la mwaka jana lilikuwa kubwa kuliko la mwaka huu, asilimia itapanda hata bila mwalimu yeyote kubadili chochote.

Tazama pia nani anayerudia mtihani na nani anayeahirisha chuo mwaka mzima. Mara nyingi ni mtoto ambaye nyumbani kwao wanamudu mwaka mwingine bila mshahara wake. Kwa hiyo kasoro hii ya hesabu haizibebi shule zote sawasawa. Inazinyanyua zaidi zile ambazo tayari ziko juu.

Kuna na mambo yanayoshusha. Aliyekwenda kusomea udaktari Hungary au uhandisi Uholanzi kwa kawaida hayumo, kwa sababu aliyeulizwa ni chuo cha Ireland. Shule za Donegal, kaunti iliyo mpakani, hutegemea kama mtengeneza jedwali alivijumlisha vyuo vya Ireland ya Kaskazini, maana kwa mtoto wa Donegal, Belfast na Derry ni karibu kuliko Dublin. Fundi umeme aliyeanza mafunzo kazini, na analipwa huku anajifunza, anahesabika sawa na aliyekaa bure nyumbani. Wapo pia wanaofanya Leaving Certificate Applied, mkondo wa vitendo ambao hauingizi mtu chuo kikuu moja kwa moja. Shule yenye mkondo huo inaweza kuwa inafanya kazi nzuri mno ya kuwazuia watoto wasikatishe masomo, na jedwali likaiadhibu kwa kazi hiyohiyo.

Wewe ni muuguzi, nadhani hili unalijua kazini kwako. Wengi wanaingia digrii ya uuguzi baada ya mwaka mmoja wa kozi za PLC, yaani kozi za ufundi na maandalizi baada ya sekondari, kwa sababu vyuo hutenga nafasi za uuguzi kwa wenye cheti hicho. Binti aliyepita njia hiyo anaishia wodini na digrii ileile. Lakini kwenye jedwali la mwaka aliomaliza sekondari alikuwa ni “hakwenda”, na alipoingia chuoni huenda akaandikwa kwa jina la chuo cha PLC na si la sekondari yake.

Halafu kuna neno “chuo kikuu” lenyewe, ambalo kwa Dublin 15 limeleta kichekesho. Hadi mwisho wa 2018 mlikuwa na Taasisi ya Teknolojia ya Blanchardstown. Tarehe 1 Januari 2019 iliunganishwa na ile ya Tallaght na Taasisi ya Teknolojia ya Dublin, vikawa TU Dublin, chuo kikuu cha teknolojia. Mtoto aliyejiunga Blanchardstown 2018 alikwenda “taasisi”. Mdogo wake aliyejiunga 2019, jengo lilelile, alikwenda “chuo kikuu”. Mwaka 2021 na 2022 ikawa hivyohivyo Cork na Kerry, Limerick na Athlone, magharibi, na kusini mashariki. Kwa hiyo mtu akikuonyesha shule “iliyopanda sana” kati ya 2018 na 2023, kwanza muulize alihesabu nini miaka yote miwili. Baadhi ya majedwali yana safu mbili, moja ya elimu ya juu yote na nyingine ya kozi zinazotaka alama kubwa. Shule ikiwa ya 40 katika safu moja inaweza kuwa ya 200 katika nyingine, na gazeti la mtaani kwenu litachapa ile inayowafurahisha wasomaji wake.

Sasa niingie kidogo kwenye takwimu, maana uliniuliza kitaalamu. Hata hesabu ingekuwa safi, bado kuna bahati. Shule yenye watahiniwa 25 na kiwango halisi cha asilimia 80 itayumba, kwa bahati tu, takribani pointi 16 juu au chini katika miaka 19 kati ya 20. Inaweza kutoka 64 mwaka huu ikawa 92 mwaka ujao, walimu walewale na ubao uleule. Yenye watahiniwa 150 itayumba pointi sita na nusu hivi. Ndiyo maana kileleni na mkiani mwa jedwali kunajaa shule ndogo. Ukitaka kulitumia, jumlisha waliokwenda chuo kwa miaka mitano, gawanya kwa jumla ya watahiniwa wa miaka hiyo mitano, na tofauti ya pointi tatu nne kati ya shule na shule usiihesabu kuwa kitu.

Hayo yote bado ni madogo. Lililo zito ni kwamba jedwali linapima nani aliingia getini akiwa na miaka 12. Mwaka 2014 mamlaka ya elimu ya juu, HEA, ilionyesha kwamba Dublin 6, eneo la wenye nacho, asilimia 99 ya vijana walikuwa wanaingia elimu ya juu, na Dublin 17, eneo la wasio nacho, asilimia 15. Mji mmoja, basi moja. Huwezi kunishawishi kwamba walimu wa Dublin 17 ni wabaya mara sita. Shule zinazolipisha ada ni kama hamsini kati ya zaidi ya mia saba, nyingi zikiwa Dublin, na serikali inalipa sehemu kubwa ya mishahara ya walimu wao. Anayezijaza ni mzazi mwenye digrii, mwenye chumba cha mtoto kusomea, na mwenye pesa ya tuisheni jioni. Wengine humhamishia mtoto shule ya tuisheni mwaka wa mwisho; miaka mitano amefundishwa kwingine, kisha mafunzo ya miezi tisa yanavuna sifa yote kwenye jedwali.

Njia sahihi ingekuwa kupima maendeleo: mtoto alikuwa wapi alipoanza, amefika wapi. Uingereza walijaribu kwa kipimo chao cha Progress 8, kinacholinganisha matokeo ya mwanafunzi na ya wenzake walioanza na alama kama zake. Hakikosi lawama, lakini angalau kinauliza swali linalofaa. Ireland haiwezi kwa sasa, kwa sababu majaribio ya Kiingereza na hesabu yanayofanywa darasa la sita hayachapishwi shule kwa shule wala hayaunganishwi na Leaving Certificate hadharani. Na mwaka 2020, mitihani ilipoahirishwa kwa korona na alama zikakadiriwa na walimu, wizara iliondoa historia ya matokeo ya shule kwenye fomula ya kurekebisha alama, baada ya kuona kilio kilichotokea Uingereza. Yaani serikali yenyewe iliona si haki kumpima mtoto kwa jina la shule yake.

Kwa hiyo, je, 61 inampunguzia binti yako nafasi? Asilimia hiyo ni wastani wa watoto wote wa pale, na binti yako hatakuwa wastani. Mama ni muuguzi mwenye taaluma, nyumbani kuna anayefuatilia. Hayo anakwenda nayo shule yoyote. Sisemi shule zote ni sawa. Zipo zinazofundisha vizuri na zipo zinazolegea. Ila jedwali halikuonyeshi ipi ni ipi.

Kitu ambacho kingenifanya niikimbie shule ni masomo. Nafasi za chuo hugawiwa na CAO, ofisi kuu ya maombi ya vyuo, kwa pointi za masomo sita bora, na hesabu ngazi ya juu ina nyongeza ya pointi 25 kuanzia daraja la H6, la sita kutoka juu. Piga hesabu: H6 ni pointi 46, na nyongeza inakuwa 71. Aliyefanya ngazi ya kawaida akapata daraja la juu kabisa, O1, anaondoka na 56. Shule isiyo na darasa la kueleweka la hesabu ngazi ya juu, au inayowashusha watoto ngazi ya kawaida mapema ili wasihangaike, inawanyang'anya pointi kabla hawajaingia chumba cha mtihani. Siku ya shule kupokea wazazi, usiulize asilimia. Uliza ni wangapi mwaka huu wamefanya hesabu ngazi ya juu, na wangapi waliianza wakaiacha. Uliza kama fizikia na kemia zinafundishwa kila mwaka au hutegemea idadi ya watoto. Uliza, kati ya walioanza mwaka wa kwanza, ni wangapi walifika wa sita. Mwalimu mkuu anayejibu kwa namba bila kubabaika ameshakuambia mengi. Kisha soma ripoti ya wakaguzi wa wizara. Hizo zimekuwa zikichapishwa tangu 2006 na zinaeleza ufundishaji ulivyo darasani, jambo ambalo magazeti hayaligusi.

Tena kuna jambo ambalo mumeo hapaswi kulikosa kabla ya kuita gari la kuhamisha vyombo. Kama shule ya karibu iko kwenye mpango wa DEIS, wa shule zinazoongezewa msaada, kusoma pale ni mojawapo ya vigezo vya HEAR, njia inayoruhusu vyuo kumpokea mwanafunzi kwa pointi pungufu. Kigezo hicho hakitoshi peke yake, na kipato cha familia ndicho sharti la kwanza. Mshahara wako na wa mumeo ikijumlishwa huenda ikapita kikomo, mkakosa sifa. Angalieni kiwango chao cha mwaka husika. Ila ingekuwa ajabu mkalipa pango kubwa zaidi ili mpoteze nafasi mliyokuwa nayo bure.

Upande wa maombi, sheria ya 2018 ya kudahili wanafunzi imerahisisha mambo kwa wageni kama ninyi. Shule isiyolipisha ada hairuhusiwi kukutoza pesa ya maombi, kumhoji mtoto, wala kumchagua kwa alama. Ikiwa na waombaji wengi kuliko nafasi, inafuata vigezo ilivyovitangaza: ndugu wa mwanafunzi, shule za msingi zinazoiletea wanafunzi, eneo la makazi, na watoto wa waliosoma pale wasiozidi robo ya nafasi. Maombi ya mwaka unaofuata hayapokelewi kabla ya tarehe 1 Oktoba. Binti akiingia darasa la sita Septemba, chukua tangazo la udahili la kila shule mnayoifikiria, na kwanza tafuta kama shule yake ya msingi imetajwa kwenye orodha.