Kwa Nini Louis XIV Aliipiga Marufuku Tamthilia Aliyoipenda?

Swali: Ninafundisha historia sekondari. Vitabu vinasema Louis XIV wa Ufaransa alikuwa na mamlaka yasiyo na mipaka, lakini mwaka 1664 aliipiga marufuku Tartuffe, tamthilia ya mwandishi Molière, ingawa yeye mwenyewe aliifurahia. Je, Kanisa lilimshinda?

Jibu: Hakushindwa, Mwalimu. Tatizo lipo katika maneno “mamlaka yasiyo na mipaka”, ambayo vitabu vyetu huyatumia kwa wepesi mno. Kwa wanasheria wa Ufaransa wa karne ya 17, mfalme wa aina hiyo ni yule ambaye hakuna baraza wala mahakama duniani inayoweza kumwajibisha. Hata hivyo alibaki chini ya sheria ya Mungu, na siku ya kutawazwa alikuwa ameapa kulilinda Kanisa.

Tamthilia hiyo, inayomfichua mnafiki aliyejivika ucha Mungu, ilichezwa Versailles tarehe 12 Mei 1664, katika sherehe kubwa zilizoandaliwa kwa heshima ya malkia na mama yake mfalme. Péréfixe, askofu mkuu wa Paris aliyewahi kuwa mwalimu wa mfalme, aliipinga mara moja. Hapa ndipo siasa inapoingia, kwa kuwa mwaka huohuo mfalme alimtegemea askofu huyohuyo kuwalazimisha watawa wa kike wa monasteri ya Port-Royal watie sahihi tamko la kuyakana mafundisho ya Jansen, mwanateolojia ambaye mafundisho yake kuhusu neema ya Mungu yalikuwa yamelaaniwa na Kanisa, na kumdhoofisha mshirika kama huyo kwa ajili ya mchezo wa jukwaani kungemgharimu.

Naomba uwaoneshe wanafunzi upeo wa marufuku yenyewe. Ilihusu maonyesho ya hadharani tu: Septemba tamthilia ilichezwa mbele ya ndugu yake mfalme, na mwaka 1665 kundi la Molière likapewa jina la Kundi la Mfalme. Tena, Desemba 1664, majaji walipoamua Fouquet, aliyekuwa msimamizi mkuu wa fedha, afukuzwe nchini, mfalme aliigeuza adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na hakuna aliyeweza kumzuia.

Mwaka 1667, mfalme akiwa vitani Flanders, Molière alijaribu toleo lililorekebishwa, nalo likazuiwa kesho yake na rais wa mahakama kuu ya Paris. Ruhusa kamili ilipatikana tarehe 5 Februari 1669, wakati Papa Clement IX alipokuwa ameutuliza mgogoro wa Wajanseni, na mfalme hakumhitaji tena askofu wake kwa kiasi kile.