Maswali ya Wasomaji: Romeo, Jina Lililotoka Hija

Jina Romeo lina maana gani?

Kabla halijawa jina la mtu lilikuwa neno la kawaida la Kiitaliano, lenye maana ya msafiri anayekwenda kuhiji Roma. Mshairi wa Kiitaliano Dante, katika kitabu chake cha ujanani, Vita nuova, anawagawa mahujaji katika makundi matatu: wanaovuka bahari kwenda Nchi Takatifu ni palmieri, wanaoliendea kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Galicia, Hispania, ni peregrini, na wanaoelekea Roma ndio romei. Kwa msomaji wa pwani jambo hili si geni, kwani akina Haji tunao kila mtaa, na wengi wao walipewa jina hilo wakiwa wachanga, kabla hawajajua Makka iko upande gani.

Je, Shakespeare ndiye aliyembuni Romeo?

La. Mwaka 1476 ilichapishwa hadithi ya Masuccio Salernitano kuhusu wapenzi wawili wa Siena waliooana kwa siri, ikiwa na mtawa na dawa ya usingizi, lakini kijana wa hadithi hiyo aliitwa Mariotto. Aliyewahamishia wapenzi hao Verona na kuwapa majina Romeo na Giulietta ni Luigi da Porto wa Vicenza, mnamo 1530. Mwitaliano mwingine, Bandello, akaisimulia upya mwaka 1554, Arthur Brooke akaitungia utenzi wa Kiingereza mwaka 1562, na tamthilia ya Shakespeare, Romeo and Juliet, ikachapwa mara ya kwanza mwaka 1597.

Hata hivyo, sidhani kama Shakespeare aliipuuza maana ya jina hilo. Katika karamu ya akina Capulet, ukoo wa Juliet, Romeo anaushika mkono wa Juliet, anauita mahali patakatifu, na kusema kwamba midomo yake ni mahujaji wawili walio tayari kuubusu. Naye Juliet, ambaye bado hajamjua kijana huyu ni nani, anamwita hujaji mwema na kumkumbusha kwamba busu la mahujaji ni kiganja kugusana na kiganja. Mistari 14 ya kwanza ya mazungumzo hayo ni soneti kamili, inayokwisha kwa busu.

Kwa nini mwanamume anayebadilisha wanawake huitwa Romeo?

Anaonewa, lakini si bila sababu. Alioa mke mmoja, akafa siku chache baadaye ndani ya kaburi alimolazwa mkewe. Tatizo ni kwamba katika karamu ile alikuwa amemfuata Rosaline, msichana aliyempenda kabla ya Juliet, na usiku uleule akamsahau, hata Mtawa Laurence akamkemea kwamba mapenzi ya vijana yamo machoni, si moyoni.

Gari la Alfa Romeo limepewa jina lake?

Hapana. ALFA ni herufi za mwanzo za jina la kampuni iliyoanzishwa Milano mwaka 1910, na Romeo ni jina la ukoo la mhandisi Nicola Romeo, aliyeichukua mwaka 1915.

Mwalimu wangu alinikosoa kwa kukaza sauti kwenye "me". Nani yuko sahihi?

Waingereza hukaza silabi ya kwanza, kwa hiyo mwalimu wako alifuata matamshi yao. Waitaliano hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kama tufanyavyo sisi katika Kiswahili. Huko Verona ungeeleweka bila kurekebishwa.