Ukiacha omeprazoli ghafla, kiungulia hurudi kwa kishindo

Mtu ametumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, miezi 3, tumbo limetulia, akaiacha. Siku chache baadaye kifua kinawaka kuliko mwanzo. Anaamini vidonda vya tumbo vimerudi na kukimbilia duka la dawa. Mara nyingi vidonda havijarudi; chanzo ni seli za homoni zilizomo kwenye mfuko wa chakula.

Upande wa chini wa mfuko huo, karibu na utumbo mdogo, zipo seli G zinazotoa gastrini. Homoni hii hupita kwenye damu hadi upande wa juu na kuziamsha seli za ECL, nazo humwaga histamini inayozisukuma seli za asidi kufanya kazi. Breki ni seli D: asidi ikizidi, hutoa somatostatini na gastrini ikashuka.

Omeprazoli huziba tu pampu ambazo seli za asidi hutumia kumwaga asidi. Asidi ikipungua, breki inalegea, gastrini inapanda, na seli za ECL zinazidi kukua. Dawa ikikatwa, pampu zinarudi kazini ndani ya siku chache zikikuta histamini tele. Utafiti wa Denmark wa 2009 uliwapa watu wazima wasio na ugonjwa dawa ya kundi hili kwa wiki 8. Wengi walipata kiungulia au dalili nyingine za asidi baada ya kuiacha, ingawa kabla hawakuwa nazo.

Kwa hiyo shuka taratibu, kwa makubaliano na daktari. Kama unatumia miligramu 40, kaa kwenye 20 kwa wiki 2 hadi 4, kisha meza siku moja na kuruka moja kwa wiki 2 nyingine. Kifua kikiwaka katikati, tafuna kidonge cha magnesiamu cha kutuliza asidi, usirudi kwenye dozi kamili. Omeprazoli imezwe dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Ukifungua kapsuli utaona punje ndogondogo zilizopakwa utando: usizisage wala kuzitafuna, maana asidi itaiharibu dawa kabla haijafika utumboni.

H. pylori, bakteria anayeishi tumboni na kuleta vidonda, naye hucheza na breki hiyohiyo. Uvimbe anaouleta hupunguza somatostatini, gastrini inapanda, na asidi inachoma mwanzo wa utumbo mdogo. Ndiyo maana kushusha asidi bila kumuua bakteria husaidia kwa muda tu. Kabla ya kipimo cha choo au cha pumzi, omeprazoli iachwe wiki 2 na antibiotiki wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Kipimo cha damu hakifai kuthibitisha kupona, kwa kuwa kingamwili hubaki muda mrefu.

Usiache dawa mwenyewe kama uliwahi kutokwa damu tumboni, au unatumia aspirini au diklofenaki kila siku. Vidonda vingi visivyopona pamoja na kuharisha vinahitaji kupimwa gastrini kabla ya kula, kwani huenda kuna uvimbe wa seli (tyuma) unaotoa homoni hiyo. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo.