Wakikuuliza juu ya kobalti

Lubumbashi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza, mimi na mama yako. Unasema huko kazini Liège, Ubelgiji, kila ukitaja Congo wanakuuliza juu ya watoto wanaochimba kobalti, madini ya betri, na umechoka. Unataka kujua ufanye nini: unyamaze, ukane, au uwaonyeshe picha za nyumba nzuri za mtaa wa Golf?

Usikane. Watoto hao wapo, Kolwezi kwenye migodi si mbali sana na hapa. Ukikana unawafuta watoto wa watu ili wewe upate nafasi ya kupumua. Na picha za Golf nazo ziache. Mtu akijua shimo tu, kisha ukampa ghorofa tu, bado hajaijua Katanga, nchi yetu hii ya migodi.

Wenzako hawakudanganywa. Walionyeshwa jambo la kweli, kisha wakaachwa papo hapo. Kamera inafika shimoni, inamchukua mtoto mwenye matope usoni, inaondoka. Haimuulizi mama yake gunia linauzwa kwa nani na bei anaipanga nani. Wala haiulizi kwa nini babu yake mtoto huyo hakuwa shimoni. Babu huyo huenda alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na Gécamines ilikuwa na shule zake, hospitali zake, na mgao wa unga kila mwezi. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufikisha hata 50,000. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, mali ilikuwa imeliwa Kinshasa (hilo unalijua, umelisikia mezani kwetu tangu utoto), mishahara ikakatika, na watu wakachukua sululu. Hapo ndipo mtoto wa shimoni anapoanza kueleweka.

Lakini usiwaone wazungu peke yao. Sisi wenyewe, mwaka 1992 na 1993, tuliwafukuza Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, jimbo jirani. Kwenye mikutano ilisimuliwa habari moja tu, kwamba Mkasai amekuja kula kazi za wenyeji. Wakaitwa bilulu, wadudu. Hakuna aliyepanda jukwaani kusema kwamba Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, na reli yao ndizo zilizokwenda kuwatafuta Kasai tangu enzi za ukoloni, kwa sababu zilihitaji mikono. Watu waliozaliwa hapa, wanaosema Kiswahili kuliko Tshiluba, lugha ya Kasai, walilala stesheni ya Likasi kwa majuma wakingojea treni ya kuwapeleka mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kuishi. Wapo waliofia njiani. Tangu wakati ule, habari fupi inayopendwa na kila mtu inanitia hofu kuliko uongo. Uongo unaweza kuukamata.

Umeuliza pia kama kuna kitabu cha kuwapa. Kipo kimoja, kiliandikwa hapa mjini mwaka 1965 na André Yav, kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha Lubumbashi, kwa niaba ya watu waliokuwa wapishi na maboi katika nyumba za wazungu. Kinaeleza mji huu kama ulivyoonekana kutoka jikoni. Kimekwisha kutafsiriwa kwa Kiingereza, wapo watakaoweza kukisoma. Hakiwasifu wazungu, na mimi sikubaliani na kila kitu kilichomo, ila kina watu wengi ndani.

Kwa hiyo wakikuuliza, waambie ndiyo, wapo, kisha endelea kusema mpaka ufike kwa babu, kwa Gécamines, kwa anayenunua. Mwenye haraka atarudi kwenye kahawa yake, mwache.

Na kabla hujaanza na wa Liège, mpigie shangazi yako wa Likasi umuulize habari za stesheni. Alikuwa akiwapelekea uji. Ana simu mpya, namba nitakutumia, ila Jumapili asubuhi usimsumbue, yuko kwaya.

Papa yako